Injini ya V8 Iliyofunguliwa Yote: Je, Iachwe Ingurume Polepole Siku ya Kwanza?

Swali: Shikamoo fundi. Ninaishi Nkuhungu, hapa Dodoma. Marehemu baba mkubwa alituachia Chevrolet Camaro ya mwaka 1969, usukani wa kushoto, yenye injini ya V8 ya inchi za ujazo 350. Gari lilikaa miaka mingi bila kuwashwa, nasi tumeifungua injini yote: silinda zimechongwa, na pistoni, ringi, beringi, kamshafti na tapeti ni mpya. Fundi wangu, mtu ninayemheshimu sana, anasema tuiwashe na kuiacha ingurume polepole kwa saa nzima bila kukanyaga mafuta ili vyuma vizoeane. Jamaa aliyetuletea vipuri anasema hilo litaiua, na kwamba tuipandishe resi mara tu inaposhika. Nimsikilize nani? Na je, hapa kwetu kuna jambo la kuangalia ambalo vitabu vya Marekani havisemi?

Jibu: Marahaba kijana wangu, na pole kwa msiba. Kwa injini uliyonieleza, aliyekuletea vipuri ndiye aliye sahihi. Injini yenye kamshafti mpya (mhimili wenye nundu zinazofungua valvu) na tapeti bapa (vipande visivyo na rola vinavyosukumwa na nundu hizo) haiachwi ingurume polepole inapowashwa mara ya kwanza. Hupandishwa hadi mizunguko 2,000 kwa dakika ndani ya sekunde chache baada ya kushika, kisha hubakizwa kati ya 2,000 na 2,500 kwa dakika 20 hadi 30. Hata hivyo usimdharau fundi wako. Mengi ya magari yanayofunguliwa katika gereji zetu ni ya Kijapani, ambayo kamshafti yake hukaa juu kwenye silinda hedi na kupata oili kwa njia yake yenyewe. Kwa injini za namna hiyo, upole wa mwanzoni haudhuru sana. Injini yako imejengwa kwa namna nyingine, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha jibu langu.

Katika injini ya 350, kamshafti imelala ndani ya bloku, juu ya krenki. Pampu hupeleka oili kwenye beringi za kamshafti, kwenye tapeti, na kupitia fimbo za kusukumia hadi kwenye roka, yaani mikono midogo inayobonyeza valvu, lakini hakuna tundu linalomimina oili pale ambapo nundu ya kamshafti inakutana na uso wa tapeti. Mahali pale hutegemea oili inayorushwa na krenki inapozunguka, pamoja na ile inayochuruzika kutoka juu. Kwa mizunguko 600 au 700 krenki hairushi oili ya kutosha, ilhali springi za valvu zinaibana tapeti kwenye nundu kwa nguvu kubwa mno, juu ya eneo dogo ambalo halifikii hata ukucha wa kidole gumba. Zaidi ya hayo, nundu imesagwa ikiwa na mteremko mdogo usioonekana kwa macho, na uso wa tapeti umevimba kidogo katikati, ili kila nundu inapopita tapeti izunguke ndani ya tundu lake na msuguano usambae. Katika dakika zile za kwanza nyuso hizo mbili ndipo zinapolingana. Tapeti isipozunguka, hujichimba, nundu huliwa, na unga wa chuma unaotoka hapo huingia kwenye oili na kufika kwenye kila beringi uliyoinunua.

Nimeliona hili kwa macho yangu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa msaidizi katika gereji moja nje ya mkoa huu, tuliifungua injini ya V8 ya pikapu. Siku ya kuiwasha mwenye gari alikuja na ndugu zake, wakaufurahia mngurumo wake, nasi tukaiacha kwa mwendo wa chini karibu dakika 40 huku watu wakipiga picha. Baada ya wiki mbili gari lilirudi likikosa nguvu upande mmoja. Tulipoondoa maniforudi ya juu tulikuta tapeti tatu zimechimbika kama visahani, na nundu zake zimebaki za mviringo kabisa. Beringi zote zilikuwa na mikwaruzo. Mwenye gari alilipia ukarabati mara mbili, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika taa ya kumulika siku ile, nisijue ninachokishuhudia.

Kwa hiyo jambo linalokupasa kulilinda kuliko yote ni hili: injini ishike haraka, na ikishashika isizimwe kwa sababu ndogo. Kila sekunde ya kuzungusha stata bila injini kushika inakwangua ile grisi nyeusi ya molibdenamu ambayo fundi aliipaka kwenye nundu (muulize kama aliipaka, na kama hakuipaka msiendelee). Ukiona watu wanazungusha stata nusu saa, wanafunua kabureta, wanahamisha waya za plagi, wanazungusha tena, basi kamshafti imekwisha kuumia hata kabla injini haijawaka. Kazi kubwa inafanyika siku iliyotangulia.

Anza na oili. Oili nyingi za kisasa za magari ya petroli zimepunguziwa zinki na fosforasi, kwa kuwa fosforasi huharibu kifaa cha kusafisha moshi kwenye eksozi. Tangu kiwango cha mwaka 2004 kwa oili nyepesi za aina hiyo, fosforasi haipaswi kuzidi asilimia 0.08. Viambato hivyo ndivyo vinavyoikinga tapeti bapa. Kama unaweza kuagiza oili maalumu ya kuzoeshea injini kutoka Dar es Salaam, agiza. Ukiikosa, tumia oili ya madini, isiyo ya sintetiki, ya 15W-40 iliyotengenezwa kwa injini nzito za dizeli, ambayo kwa kawaida ina zinki zaidi, na uongeze kopo la kiongezi cha zinki cha kuzoeshea kamshafti kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, bila kuzidisha. Injini hiyo huchukua takriban lita 4.7 pamoja na filta. Oili ya sintetiki iweke kando hadi ringi zitakapokuwa zimekaa.

Kisha ujaze oili katika njia zake kabla stata haijaguswa. Hapa wengi huharakisha, nami nitakaa kidogo. Katika injini hii pampu ya oili huendeshwa na mhimili unaounganishwa na sehemu ya chini ya distributa, kwa hiyo ukiing'oa distributa unaweza kuizungusha pampu kwa drili. Wengine huchukua bisibisi ndefu, wakaifunga kwenye drili, wakaona geji imepanda, wakaridhika. Lakini katika Chevrolet ya aina hii mwili wa distributa wenyewe ni sehemu ya njia ya oili inayoelekea kwenye tapeti. Ukiuondoa, oili hutoroka hapo, na roka nyingine hubaki kavu ingawa geji inaonyesha kitu. Tafuta distributa mbovu ya injini hiyohiyo, uing'oe meno ya gia yake na uzito wa juu, uitumie kama kifaa cha kuzungushia. Zungusha kwa upande wa saa. Drili itakuwa nyepesi mwanzoni, kisha ghafla utahisi imeshika mzigo na kutaka kukupinda mkono: hapo pampu imeanza kusukuma. Endelea hadi geji ifike pauni 40 kwa inchi ya mraba au zaidi, na wakati huo mtu mwingine aizungushe krenki kwa spana ndefu, robo mzunguko kwa robo mzunguko, kava za valvu zikiwa zimevuliwa, mpaka muione oili ikitoka kwenye roka zote 16. Inaweza kuchukua dakika kadhaa. Roka moja ikibaki kavu, msikubali kuendelea hata kama nyingine 15 zinatiririka. Fanyeni hivi karibu na saa ya kuwasha. Njia zilizojazwa wiki iliyopita zimekwisha kuchuruzika.

Wakati kava ziko wazi, kagua marekebisho ya roka. Tapeti za haidroliki hukazwa hadi uwazi uishe, kisha huongezwa nusu mzunguko hivi wa nati. Zikizidishwa, valvu hazifungi vizuri, na injini itazunguka bila kushika. Kama kamshafti yenu ni ya nguvu zaidi na springi ni za ndani na nje, ondoeni zile za ndani kwa dakika hizi za kuzoesha, kisha mzirudishe.

Sasa taimingi, yaani wakati wa cheche kuwaka, ambayo ndiyo inayoamua kama injini itashika mara moja au itasumbua. Ng'oa plagi ya silinda namba moja, ziba tundu kwa kidole, zungusha krenki taratibu mpaka uhisi hewa inasukuma kidole, kisha ulinganishe alama ya puli na nyuzi 10 hadi 12 kabla pistoni haijafika kileleni. Ingiza distributa ili rota ielekee kwenye waya wa namba moja na platini (swichi ndogo ya ndani ya distributa inayokata umeme ili cheche itokee) ziwe ndiyo kwanza zinataka kufunguka. Uwazi wa platini mpya ni milimita 0.48. Ikiwa distributa inakataa kushuka hadi chini, usiifinye kwa boliti. Ulimi wa pampu haujalingana, uuzungushe kidogo kwa bisibisi ndefu. Mpangilio wa kuwaka ni 1-8-4-3-6-5-7-2, na rota huzunguka upande wa saa ukiitazama kutoka juu.

Hapa niseme jambo ambalo limewapoteza mafundi wetu wazuri. Maelekezo ya Kimarekani husema silinda za witiri, yaani 1, 3, 5 na 7, ziko upande wa dereva. Fundi aliyekulia kwenye magari ya usukani wa kulia husoma maneno hayo na mkono wake ukaenda kulia. Katika gari lenu dereva anakaa kushoto, kwa hiyo namba moja ni ya mbele kabisa kushoto, ukiwa umekaa ndani ukitazama mbele. Tena, waya wa namba 5 na wa namba 7 msiufungamanishe pamoja, kwa kuwa silinda hizo zimepakana na zinawaka moja baada ya nyingine, na cheche ya waya mmoja inaweza kuamsha mwingine.

Mafuta ni jambo fupi: tangi lisafishwe, petroli iwe mpya, na bakuli la kabureta lijazwe kwa sindano kubwa au faneli ndogo kupitia mrija wa hewa, ili pampu ya petroli isihitaji stata kuzunguka muda mrefu.

Umeuliza kama kwetu kuna la pekee. Lipo, na ni zaidi ya moja. Mji wetu uko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 12 ikilinganishwa na pwani. Kabureta iliyosetiwa kwa usawa wa bahari itatoa mchanganyiko wenye petroli nyingi kupita kiasi. Petroli ya ziada huosha oili kwenye kuta za silinda wakati ambapo ringi zinahitaji kukaa, na huishia kwenye oili ya chini. Kwa siku ya kwanza sikushauri ubadilishe jeti, yaani vitundu vya kupimia petroli ndani ya kabureta, kwa kuwa mchanganyiko mkavu mno ni hatari kubwa zaidi kwa injini mpya. Lakini hakikisha choki inafunguka kabisa injini ikishashika, na baada ya kuzoesha, soma rangi ya plagi. Zikiwa nyeusi na kavu kama masizi, punguza jeti hatua moja au mbili.

Maji nayo. Kwa mwinuko wetu maji yasiyo na mgandamizo huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100, kwa hiyo kifuniko cha rejeta ni kipuri muhimu: nunua kipya cha pauni 15. Mji wetu hutegemea sana maji ya visima, ya Makutupora na kwingineko, na maji mengi ya visima vyetu huacha ukoko mweupe kwenye birika, kama unavyojua. Ukoko huohuo hujijenga kwenye njia nyembamba za silinda hedi. Tumia maji ya betri nusu kwa nusu na kulanti. Toboa tundu la milimita 3 kwenye sahani ya thamostati ili hewa itoke, na ujaze polepole. Hewa iliyonaswa ndani humfanya mtu adhani geji ya joto imekufa, kumbe silinda hedi inaungua.

Tena kuna vumbi na jua. Gari litasimama mahali pamoja kwa nusu saa bila upepo wa mwendo, kwa hiyo rejeta itafanya kazi ngumu kuliko barabarani. Fanyeni kazi hii alfajiri, saa kumi na mbili au moja asubuhi, kabla joto halijapanda na kabla upepo wa kiangazi haujaanza kuinua mchanga wa mitaa yetu. Mwagieni maji ardhi inayozunguka gari, wekeni feni kubwa mbele ya rejeta, na msiwashe bila kichujio cha hewa hata kama mnataka kuiona kabureta ikifanya kazi. Vumbi la Dodoma likipita dakika 20 kwenye silinda zilizochongwa upya, linasaga kama msasa.

Siku yenyewe muwe watatu, kila mtu na kazi yake. Mmoja akae ndani, macho kwenye geji ya oili, ya joto na ya mizunguko. Wa pili ashike taa ya taimingi, akiwa ameilegeza distributa kiasi cha kuweza kuigeuza kwa mkono. Wa tatu azunguke akiangalia uvujaji, kizima moto cha unga kikiwa karibu. Wageni wasubiri nje ya geti. Magurudumu yawekewe vizuizi, breki ya kuegesha ikanyagwe, gia iwe huru.

Injini ikishika, aliye ndani aipandishe mara moja hadi 2,000. Geji ya oili ipande ndani ya sekunde chache. Isipopanda kabla hamjahesabu kumi, zimeni bila kujadiliana. Kanuni ya zamani ya injini hizi ni pauni 10 kwa kila mizunguko 1,000, na injini mpya yenye oili baridi itaonyesha zaidi ya hapo sana. Wa pili aseti taimingi, mrija wa vakyumu ukiwa umechomolewa na kuzibwa. Kwa mizunguko 2,500 uzito wa ndani ya distributa umekwisha kufunguka kwa sehemu kubwa, na nyuzi 30 hivi ni mahali pazuri pa kuanzia. Mabomba ya eksozi yakianza kuwa mekundu, mara nyingi taimingi imechelewa. Igeuzeni kidogo kuitanguliza na joto litashuka. Moshi wa rangi kutoka kwenye mabomba ni oili ya mikono na rangi inayoungua, utaisha.

Msiishikilie injini kwenye mzunguko mmoja. Kila dakika mbili au tatu ishusheni hadi 2,000 na kuipandisha hadi 2,500, ili oili inayorushwa ifike pembe tofauti. Joto likipita nyuzi 105, au mkiona petroli inavuja, zimeni, subirini ipoe, rekebisheni, kisha endeleeni kutoka mlipoishia, dakika hujumlishwa. Kilicho kibaya ni kuishusha hadi mwendo wa chini na kuiacha hapo huku mkitafuta spana.

Baada ya dakika zile mwageni oili ikiwa moto, na filta ikatwe kwa msumeno wa chuma au mkasi wa bati, karatasi yake ikunjuliwe juani. Rangi ya kijivu iliyofifia ni ile grisi ya molibdenamu, wala isikutie hofu. Vipande vinavyong'aa na kunaswa na sumaku ni habari nyingine, na hapo gari lisiende popote kabla maniforudi haijafunuliwa. Kama hakuna vipande, weka oili mpya ya aina ileile na filta mpya, ukabadilishe tena baada ya kilomita 800.

Kamshafti ikishakaa, ringi bado. Hizi hukaa kwa mzigo. Chukua barabara ya Singida asubuhi, na ukishapita Nala, ambapo njia ni tambarare, kanyaga mafuta kwa nguvu ya wastani kutoka kilomita 50 hadi 80 kwa saa, kisha uondoe mguu na kuliacha gari lipunguze mwendo kwa gia hadi 50 tena. Rudia mara kumi au zaidi, kisha geuza kabla ya Bahi. Usisafiri kwa mwendo mmoja usiobadilika, na milima ya njia ya Iringa iache kwa wiki za baadaye.

Swali moja hukuuliza, nami nakuuliza wewe: je, aliyechonga silinda hedi aliweka viti vigumu vya valvu za eksozi? Injini za kabla ya 1971 zilitegemea risasi iliyokuwa kwenye petroli kulainisha viti hivyo, na petroli hiyo iliondolewa katika nchi zetu za kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Kwa gari la matembezi ya Jumapili halitakuwa tatizo la haraka, ila kagua upya marekebisho ya roka kila unapobadilisha oili. Ukikuta zimekaza kupita ile nusu mzunguko mliyoiweka, viti vinaliwa.

Na kuhusu fundi wako: msomee sehemu ya tapeti na nundu, si mbele ya watu bali mkiwa wawili, na umwombe akushikie taa ya taimingi siku hiyo. Kama mtasikia tapeti moja inagonga baada ya dakika 20 kupita, msiikaze roka papo hapo. Ipeni injini dakika nyingine 10 kwenye 2,000. Tapeti ya haidroliki iliyokuwa na hewa ndani hunyamaza yenyewe. Isiponyamaza, zimeni, vueni kava ya upande huo, na muiwashe tena kwa muda mfupi mkitazama fimbo ya kusukumia ya valvu ile. Fimbo inayozunguka taratibu inaonyesha kwamba tapeti inazunguka, na hapo kilichobaki ni kurekebisha nati. Fimbo ikipanda na kushuka bila kuzunguka hata kidogo, ing'oeni tapeti hiyo siku hiyohiyo na mnitumie picha ya uso wake.